Usinipokonye Mzigo Wangu

Zaituni mwanangu,

Damu iliyoko kizingitini ni ya mjomba wako, si yangu. Nimeanza na hilo kwa sababu ulipokuwa ukitoka kwenda kusukwa nywele nilikuona ukiparuka mahali pale kama mtu anayeruka nyoka. Nimepamwagia maji na jivu, nikasugua na ufagio mpaka ufagio umekatika, lakini saruji imeshainywa. Itabaki alama. Na ibaki.

Asubuhi ulinipa sharti. Ulisimama mlangoni na nguo zako mkononi, ukasema, "Mama, usipoacha kubeba hiyo mifuko ya mchanga, mimi Elegu siendi. Nitawapigia simu watafute karani mwingine. Kaa chini upumzike, nitakutumia pesa, na msichana wa kazi nimeshampata." Halafu ukaubamiza mlango mpaka picha ya marehemu baba yako ikaanguka msumarini. Sikukujibu. Unanijua: nikijibu nina hasira, maneno yangu yanatoka na mawe ndani. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani naandika, jua bado liko juu ya paa la msikiti, na ukirudi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako.

Jibu langu ni hapana. Sitaacha. Na Elegu utakwenda kesho asubuhi, utake usitake. Sasa keti nikueleze kwa nini, na ukianza kulia, soma huku unalia.

Mambo ya kupika, ya kufunga mlango na komeo, ya madereva wa malori wenye maneno matamu, sitakuandikia. Umekulia Busia. Mpaka ni mpaka, na ule wa Elegu na Sudani Kusini hauna ujanja ambao huu wa kwetu haujakuonyesha. Nitakuandikia habari ya mama yangu, nyanya yako wa kijijini Mwello, kwa sababu kile mlichonifanyia jana wewe na mjomba wako, mimi na huyo huyo mjomba wako tulimfanyia yeye kwanza.

Wewe unamkumbuka nyanya yako akiwa kitini. Kabla ya kiti hukumjua. Mimi nilimjua. Alikuwa mwanamke ambaye siku moja alimkamata mwizi wa kuku, akambana shingo chini ya kwapa, akatembea naye hivyo hivyo mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji huku mtu mzima analia, "Mama niachie, nakufa!" Alilima, alitwanga ulezi, alibeba kuni na maji kichwani mpaka nywele za utosini zikakatika. Mkono wake ukikupiga kofi ulisikia masikio yanaimba. Mimi niliimbiwa mara nyingi.

Sasa, kwetu mama akizeeka, na watoto wake wakawa na kitu kidogo mfukoni, anaketishwa. Hakuna sherehe yake, lakini kila mtu anajua. Ananunuliwa kiti chenye mto, jembe linaondolewa, analetwa msichana wa kumchotea maji. Wapita njia wakimwona ameketi wanasema, "Eeh, huyu amezaa watoto." Wakimwona bado na mtungi kichwani, wanamuuliza kwa sauti kubwa, "Mama, watoto wako walikufa wote?" Nyanya yako aliulizwa swali hilo njiani akitoka kisimani. Yeye alicheka akaendelea na safari yake. Lakini neno lilifika Tororo, kwenye gereji alikokuwa akifanya kazi kaka yangu Ochwo, mjomba wako, na Ochwo hakucheka. Alinunua kiti, akakifunga juu ya taksi, akanipigia simu: "Njoo Mwello leo leo. Mama anatuvua nguo mbele ya watu."

Tulimkuta kwenye shamba la karanga. Ochwo akasema, "Mama, leta jembe." Mama akaendelea kulima, hata hakuinua uso. Ochwo akasema tena. Akalima. Basi mimi nikaingia shambani na viatu vyangu vya mjini, nikashika mpini.

Zaituni, mama yangu alikuwa na nguvu! Alinivuta mpaka nikapiga magoti juu ya matuta. Nikashika tena. Tukavutana pale, mimi na aliyenizaa, tunahema kama fahali, udongo unaruka, karanga zinang'oka. Ochwo akapita nyuma, akamkumbatia kiuno, akamwinua miguu ikawa hewani. Mimi nikamfungua vidole kwenye mpini, kimoja baada ya kingine, navikunja kwa nguvu mpaka akapiga yowe. Alimgeukia Ochwo akamuuma mkono, ile alama anayo mpaka leo, anakwambia ni mbwa. Halafu akaishiwa. Akasema, "Mnaniua nikiwa bado nimesimama."

Sisi tukacheka. Wallahi, tulicheka. Tukamwosha miguu, tukamketisha, tukachinja kuku, tukapiga picha. Ile picha ya nyanya uliyo nayo kwenye simu, amekaa kitini na gauni lake la gomesi la kijani, unayosema amenuna kwa sababu ya jua. Hakuna jua pale. Tulikuwa tumetoka kumpiga mieleka.

Mwanzoni alikuwa akiinuka. Tukawa tunapiga kelele: "Keti!" Watoto "Keti!", majirani "Keti!", hata padri alipita akamwambia, "Keti, mama, umeshafanya kazi yako." Yule msichana aliyekuwa akimhudumia nilimkuta siku moja amemwachia abebe kuni. Nilimlamba makofi yule mtoto mpaka pua ikatoka damu. Nyanya yako alinitazama tu. Siku ile ndiyo aliyoacha kuinuka.

Kisha mwili ukaanza kuisha. Mapaja yakawa kama ya kuku wa kienyeji. Mgongo ukapinda. Akafupika, gomesi zake zikawa zinaburuta chini, na sisi tukasema ndio uzee huo, tukampelekea fundi azipunguze pindo. Hebu fikiria upumbavu huo: mama anakwisha mbele ya macho yetu, na sisi tunapunguza nguo.

Siku alipoanguka nilikuwepo. Nilikuwa barazani nachagua maharage. Mbuzi akaingia kwenye mihogo, na nyanya yako, sijui nini kilimpanda, akainuka akashika kamba. Mbuzi akaruka. Mbuzi mdogo tu, Zaituni, wa kuuzwa hata hana bei. Akamvuta, nyanya yako akaanguka ubavu kwenye nyasi. Nyasi zenye umande, laini, wewe ulikuwa unabingirika juu yake ulipokuwa mdogo. Nilisikia nyonga ikivunjika, kama mtu amevunja kijiti kikavu cha muhogo gotini. Halafu nikasikia yowe ambalo hata sasa likinijia nikiwa sokoni lazima niweke chini nilichoshika. Mguu ulikuwa umegeuka, vidole vinatazama nje. Tulimbeba juu ya mlango, kwenye pikapu, na kila shimo la barabara lilikuwa linamchinja upya.

Hakutoka hospitali akiwa hai. Alilala, kifua kikajaa, akaondoka. Siku za mwisho alikuwa akiniuliza neno moja tu: "Jembe langu mmeliweka wapi?" Nami namjibu, "Lipo, Mama, pumzika." Lilikuwa limetundikwa ukutani, limeshika kutu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu hatukusikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa lake. Mpaka leo methali ile nikiisikia redioni nazima redio.

Sasa nikwambie jambo ambalo nilikudanganya. Wewe ulikuwa shuleni una mtihani, na uliporudi uliniona nina plasta mkononi, nikasema niliteleza kwenye matope msibani. Sikuteleza. Tulikuwa tumemaliza kufukia kaburi. Ochwo akanijia, macho mekundu, ameshika fimbo ya kuchungia mbuzi. "Wewe ulikuwepo!" akasema. "Ulimwacha anasimama! Wewe ndiye umemuua!" Akainua fimbo. Nikakinga na mkono wa kushoto. Ko! Mkono ukaning'inia. Maumivu hayakuja mara moja, kilichokuja ni hasira, nikamrukia na ule mzima, nikamkwaruza uso toka jicho mpaka kidevu, tukaanguka wote wawili juu ya udongo mbichi wa kaburi la mama yetu, tunaumana, tunatukanana, wanawake wanapiga mayowe, mwalimu wa kanisa anatuvuta miguu. Astaghfirullah. Huyo ndiye mama yako unayemwona anaswali.

Aliyenipeleka hospitali ni Ochwo mwenyewe, analia njia nzima, fimbo bado ameishika, hata hajui ameishika. Daktari akauliza nimepigwa na nini. Ochwo akamwonyesha. Daktari akaichukua, akaikunja, ikakunjika mpaka ncha zikakutana. Kafimbo kembamba, Zaituni, ka kumtisha mbuzi. Daktari akaacha kumtazama Ochwo akaanza kunitazama mimi. "Fimbo hii? Ndiyo imevunja mfupa?" Akaniuliza miaka yangu. Akaniuliza damu ya mwezi ilikoma lini, mbele ya kaka yangu, nikataka ardhi inimeze. Ilikoma mapema, nikamwambia, na mimi nilifurahi. Akatikisa kichwa. Nikaandikiwa kipimo cha mifupa kule Kampala, na majibu yakarudi kwamba mifupa yangu inakwisha, kama ya mama, ila mimi ndio kwanza niko njiani.

Nikapewa vidonge, ambavyo nameza mpaka leo, na nikapelekwa kwa fizio. Wale ndio wanaofundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Kasichana kafupi, sauti ya sajenti. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nitakaa nipumzike, mifupa yangu mibovu."

Akasema, "Nani amekwambia mfupa unapona kwa kukaa?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Mama, mfupa si jiwe. Ni kitu hai. Ukiubebesha kitu, msuli unauvuta, mfupa unajua kwamba unatakiwa, unajijenga. Ukikaa, mwili unasema huyu hana kazi na hii mifupa, unaanza kuibomoa. Uzee unabomoa, na kukoma kwa hedhi kunabomoa zaidi. Ukiongeza na kiti juu yake, hata mbuzi atakuua."

Sikuwa nimemwambia habari ya mbuzi. Wallahi sikuwa nimemwambia. Ni neno tu lilimtoka. Nilitoka nje.

Niliporudi akaniweka kwenye kiti kigumu. "Inuka. Bila mikono." Zaituni, mimi kabla sijasilimu na kuolewa na baba yako nilikuwa navusha mahindi mpaka huu, gunia mgongoni, askari wananifukuza na virungu na hawanipati! Nikajisukuma. Sikuinuka. Nikajisukuma tena, matako yakarudi kitini, pu! Nikamtukana yule msichana. Nilimtukana matusi ya stendi, yenye mama na baba ndani. Alisubiri ameshika kalamu yake. Halafu akasema, "Umemaliza? Rudia."

Hapo ndipo ule mfuko mtupu wa saruji ninaoujaza mchanga ulipoanzia. Sikuanza nao. Nilianza na kiti, kuinuka na kukaa polepole mpaka mapaja yawake moto, na kusukuma ukuta kama natamani uanguke. Halafu jerikani ya mafuta yenye mchanga kidogo chini, naiinua toka kwenye kigoda, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Fizio alinigombeza sana juu ya mgongo: mwenye mifupa yangu akiinama kama anachuma mchicha huku amebeba kitu, uti wenyewe unaweza kupondeka. Nilimsikia? Sikumsikia. Hasira ilinituma. Mwezi wa kwanza tu nikajaza mfuko mzima mchanga, nikauinua kwa mgongo, nikasikia kitu kinapasuka kiunoni. Wiki nzima nilikwenda chooni kwa magoti. Ulidhani ni malaria. Fizio aliponiona akaniambia, "Ulitaka kupigana na nani?"

Nilitaka kupigana na Ochwo, hilo ndilo jibu. Mfuko nilikuwa nimeupa jina lake. Usicheke. Kila asubuhi baada ya kuswali namkumbatia Ochwo, namwinua, namzungusha uani, namtupa chini. Nilijifunza kumwongezea mchanga kikombe kimoja kimoja, pale tu ninapoona amekuwa mwepesi, na kumpumzisha siku moja katikati. Nikala mukene, wale dagaa wa ziwani, na vichwa vyake na miiba yake, nikala simsim, nikakaa juani. Nikikosa nguvu namwona mama ananing'inia mikononi mwa kaka yangu miguu hewani, nami namfungua vidole. Nguvu zinarudi. Sijui kama hiyo ni dawa nzuri, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Na siku moja niliinuka kitini bila mikono. Nilikuwa peke yangu jikoni, chai inachemka. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena, nikapiga kigelegele mwenyewe kama mwendawazimu. Wewe ukauliza toka ndani, "Kuna nini?" Nikasema panya.

Sasa njoo jana.

Najua ni wewe uliyempigia mjomba wako simu. Usikatae. Uliniona uani na mfuko mabegani nakunja magoti, ukaona na jirani anachungulia juu ya ukuta, ukaona aibu. Ukamwambia njoo umkalishe dada yako kabla sijaondoka. Ndiyo maana Ochwo alikuja kukuaga na kuku mmoja na kiti. Nilipokiona kile kiti kinateremshwa kwenye bodaboda, kina mto wa maua, niliukaza mfuko mabegani. Kiti kilikuwa kimenifikia.

Akaanza palepale getini, kwa Kiswahili chake cha sokoni ili majirani wote wapate faida. "Wewe nabeba gunia kama kuli! Mjane wa watu! Watu nasema nini? Nasema sisi hapana tunza wewe!" Nikamwambia, "Kaka, karibu chai." Mfuko bado uko mabegani. Akaushika. Nikaushika. Akavuta, nikavuta. Na wewe, mwanangu, kipenzi changu, ukapita nyuma yangu ukanikumbatia kiuno.

Hukujua. Ungejuaje? Lakini mikono yako ilipofunga tumboni kwangu, nilimsikia mama. Nilikuwa mama. Vidole vya Ochwo viko juu ya vidole vyangu vinanifungua, wewe unalia nyuma, "Mama achia, Mama achia tu," na mimi nasikia harufu ya karanga mbichi. Nikamuuma. Ndiyo, nimemuuma mkono ule ule, karibu na alama ile ile. Akapiga yowe, akachukua ile bakora yake ya mkaratusi ya kutembelea, nzito, si kafimbo ka mbuzi, akaishusha na mimi nikakinga. Mkono wa kushoto. Ule ule.

Ulisikia mlio. Wote tulisikia. Sisi watatu tukasimama tunautazama mkono wangu tukisubiri uning'inie.

Haukuning'inia. Uliuma, ndiyo, uliuma mpaka nikaona nyota, na leo ni mweusi kama chungu, na ile picha ya eksirei uliyonilazimisha tukapige umeiona mwenyewe: mfupa mzima. Usidhani nakwambia ubaya wa mtu kunipiga umekuwa mzuri kwa sababu sikuvunjika. Hapana. Angeinua bakora mara ya pili ningemwitia polisi, kaka au si kaka. Nakwambia tu kwamba fimbo nyembamba ilinivunja, na nene haikunivunja, na katikati ya fimbo hizo mbili kuna mfuko wa mchanga.

Ochwo akarudi kuvuta mfuko kwa nguvu zake zote. Mimi nikauachia. Basi. Sikumsukuma, ingawa wewe umewaambia wenzako nilimsukuma. Alikwenda kinyumenyume na mchanga wake kifuani, akajikwaa, akageuka akitafuta pa kushika, akapiga mdomo kwenye kizingiti. Jino likatoka. Ukakimbilia chumbani kumpigia simu daktari, na kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona. Ndiyo hasa ninayotaka uyajue.

Alilala pale chini akitapatapa. Alijisukuma kwa mikono, akarudi chini. Akajigeuza ubavu, akarudi chini. Mjomba wako, Zaituni, yule aliyekuwa akiinua injini gereji kwa mikono, hakuweza kuinuka kutoka sakafuni. Toka astaafu amekaa, watoto wake wamemkalisha, wanampenda sana. Akanitazama na damu mdomoni, na nikaiona aibu yake ya mwanaume, na hasira yangu yote ikaisha mara moja kama moto uliomwagiwa maji. Nikachuchumaa, mgongo umenyooka, nikamkumbatia chini ya makwapa, nikakaza tumbo, nikamwinua. Nilimwinua Ochwo halisi. Ni mzito kuliko mfuko, lakini nilikuwa nimefanya mazoezi naye muda mrefu.

Nikamweka kwenye kiti alicholeta mwenyewe. Nikamwambia, "Kaka, inuka. Bila mikono." Akajaribu. Akarudi. Akajaribu. Akarudi. Nikamwambia kwa lugha yetu habari yote, ya majibu ya Kampala, ya fimbo iliyokunjika mbele yake asielewe, ya mfupa unaojua kama unatakiwa au hautakiwi. Hakuwahi kuniuliza miaka yote hii, na mimi sikuwahi kumwambia, kwa sababu nilitaka aendelee kudhani alikuwa na nguvu za kunivunja. Akapangusa damu mdomoni. Halafu akauliza, "Kwa hiyo lile jembe?"

Nikasema, "Ndiyo. Lile jembe."

Akalia kama mtoto. Nami nililia. Wewe ulipotoka na simu ukatukuta tumeshikana, ukadhani bado tunapigana, ukaanza kupiga kelele. Maskini mwanangu.

Kwetu tumezoea kupenda kwa mikono ya nguvu. Tunampenda mtu mpaka tunamvunja vidole. Urithi huo mimi nilikupa, na jana nimeuona kiunoni kwangu ukinibana. Huko uendako utapata watu wa kuwapenda, wengine watakuwa na mizigo inayokuchoma macho. Muulize mtu kwanza kama mzigo unamuumiza au unamsimamisha. Mimi sikumuuliza mama. Neno moja tu, na sikuliuliza.

Na wewe nawe utakaa nyuma ya meza za watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, unagonga mihuri. Miaka yako hii ndiyo ya kujaza ghala la mifupa. Baadaye ni kulinda kilichomo. Beba vitu. Panda ngazi na vitu mkononi. Usije ukafika miaka yangu ukavunjwa na mbuzi.

Sikuambii kila bibi wa Busia abebe saruji. Kuna ambao mzigo utawaua, na ndiyo maana mtu anaanza kwa daktari na kwa kasichana mwenye sauti ya sajenti. Mimi nimepimwa, nimefundishwa, nimegombezwa. Najua ninachobeba.

Msichana wa kazi mwambie asije. Akija, nitamfundisha kuinua jerikani, na mama yake atakuja kunipiga. Kiti nimekipokea, ni kizuri, kina urefu unaofaa kabisa kwa kuinuka na kukaa. Mjomba wako anakuja Jumamosi tukitumie pamoja. Amesema mfuko wake tuupe jina langu.

Sasa nasikia sauti yako kwenye kona, unacheka na wale wasusi, umesahau kwamba umekasirika. Niweke kalamu chini.

Kesho nitaamka kabla yako. Ukitoka chumbani hutaliona sanduku lako, usilitafute, litakuwa mgongoni kwangu, na nitakuwa nimeshatoka getini kuelekea stendi. Jirani yule atachungulia juu ya ukuta, atauliza kwa sauti, "Mama Zaituni, mtoto wako hana mikono?" Mwache aulize. Usinikimbilie, usinishike kiuno, usinifungue vidole. Mama aliniomba jembe lake mpaka siku anakufa na sikumpa. Wewe tembea nyuma yangu, mikono mitupu, mpaka basi lije.

Mama yako anayekupenda bila kukubana,
Athieno, Mama Zaituni